Nagoma Kula Mpaka Daraja Lijengwe

Jumatatu, 8 Julai

Siku kubwa katika historia ya jimbo! Leo mimi, Digambar Khopade, mbunge kijana kuliko wote katika bunge letu la jimbo, nimegoma kula hadi kufa. Mbele ya ofisi ya wilaya, juu ya godoro jeupe, chini ya picha yangu iliyo kubwa kuliko mlango wa sinema. Dai langu: daraja la Mto Sonvali. Wanawake wa ng'ambo wanavuka na mizigo kichwani, maji kifuani. Niliwaahidi kwenye kampeni. Nawapenda, kweli kabisa. Na baraza la mawaziri linapangwa upya mwezi ujao. Nalo nalipenda.

Mpango hauna tundu. Waziri wa Ujenzi ni rafiki yangu wa karibu, tuliwahi kupanda lifti moja. Atakuja Jumatano, ataninywesha bilauri ya maji ya machungwa mbele ya kamera, ataahidi daraja. Mgomo huuvunji mwenyewe. Lazima mkubwa akunyweshe, ndiyo heshima yake.

Mama kauliza: kama ni hadi kufa, mbona nimeagiza mchuzi wa mbilingani kwa Jumatano mchana? Nikamwambia siasa ni ngumu, mama. Kasema mbilingani hazijui siasa, zinaoza tu.

Jumanne, 9 Julai

Njaa! Tena njaa yenye harufu! Nagnath Survase, yule niliyemwangusha kwenye uchaguzi, ameinjika karai la bajia upande wa pili wa barabara. Bure! Eti anawakirimu wananchi waliokuja kumuaga mheshimiwa. Upepo wote unatoka kwake. Umati nao umehamia huko. Hata Pandurang, msaidizi wangu, karudi midomo inang'aa mafuta. Nikamuuliza: umekula? Hapana, Bhau (ndivyo wanavyoniita, yaani kaka mkubwa), nilikwenda kupeleleza.

Ahsante mama. Alinifichia kashata za ufuta ndani ya mto wa kulalia. Nikajifunika shuka gubigubi, watu wakadhani nasali.

Jioni kaja daktari wa serikali kunipima na kutangaza hali yangu kwa kipaza sauti. Uzito wa mheshimiwa umeongezeka! Mtu mmoja kapaza sauti: Bhau, mgomo huu unauzwa wapi, nimnunulie mke wangu, amekonda!

Jumatano, 10 Julai

Balaa mbili kwa mpigo.

Kwanza, Nagnath kamleta Guruji Ashtekar, mwalimu mkuu mstaafu, akae miguuni pangu kuhakikisha sili. Hapepesi macho. Ndiye aliyenirudisha darasa la saba, ananijua mpaka ndani ya utumbo. Kaupapasa mto, kazitoa kashata zilizobaki, kazila zote mbele yangu. Eti anathibitisha kwamba ni chakula.

Pili, waziri haji! Amehama chama alfajiri na kundi zima la wabunge. Wamefungiwa kwenye hoteli ya ufukweni, simu wamenyang'anywa, wasije wakanunuliwa mara ya pili. Na mimi je? Hata kuulizwa bei sikuulizwa!

Sasa nani ataninywesha? Nikila mwenyewe, nimesalimu amri: daraja limekufa, jina langu limekufa, watoto watanitungia nyimbo. Nisipokula, nimekufa mimi. Nikamtuma Pandurang akatafute mkubwa yeyote. Mwigizaji wa filamu anadai tiketi ya ndege. Mkuu wa wilaya kasema sheria haimruhusu, ila ananitakia mwisho mwema. Mtawa wa hekalu la kilimani angekuja kwa moyo mmoja, lakini naye amegoma kula. Anamngoja waziri yuleyule.

Alhamisi, 11 Julai

Mwandiko unayumba. Nimeona mbilingani ikipita angani, ina mabawa. Mvua kubwa. Picha yangu imeanguka. Guruji kajifunika nayo, uso wangu juu ya upara wake.

Wanawake wa ng'ambo wamekuja, wamelowa chapachapa. Yesubai, mkubwa wao, kanishika shavu. Kula, mwanangu, daraja hatulitaki kwa bei ya mtu. Ukifa wewe, tutamtukana nani? Nikalia machozi ya kweli. Nikamnong'oneza Pandurang: si huyu mama aninyweshe tu? Kajibu wapigapicha wamekimbia mvua, na bila kamera huko si kuvunja mgomo, Bhau, ni kunywa juisi. Guruji kakohoa. Nikalala kifudifudi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeokoka! Nimeokoka!

Asubuhi magari, ngoma, fataki. Nikajua huo ni msafara wa maziko yangu. Kumbe ni Nagnath, kilemba cha rangi ya zafarani, bilauri mkononi, kamera nyuma yake kama nyuki. Waziri mpya wa Ujenzi ni shemeji yake! Daraja limeidhinishwa jana. Kaniinamia sikioni: kunywa, mdogo wangu, ukifa nitakosa wa kumshinda.

Adui yangu! Mbele ya jimbo zima! Nikaifikiria heshima yangu. Nikakifikiria chama. Nikamaliza kufikiri, nikaidaka bilauri kwa mikono miwili, nikanywa mpaka mbegu. Nikaomba ya pili. Ya tatu alininywesha tabasamu limeshamkauka.

Redio inasema Survase amemwokoa Khopade na kuwaletea watu daraja. Waseme! Yesubai alicheza kwenye matope mpaka akapoteza kiatu, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma, maana zilikuwa karibu sana na ngozi. Mama kapakua mchuzi. Nilikula hadi vidole. Jamani, raha iliyoje kuwa hai!

Jumanne, 16 Julai

Kesho Nagnath anapasua nazi kubariki jiwe la msingi. Ati yeye! Nani aliyelala njaa? Jiwe liko ng'ambo ya mto. Basi leo alfajiri nimevuka kwa mtumbwi na Pandurang, pamoja na nazi kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuishika Nagnath. Nikaipasua kwa pigo moja, nikapigwa picha, shada shingoni. Ushindi!

Kugeuka nyuma, mto umefurika. Mtumbwi umekwenda na viatu vyangu. Nikasema tutavuka kwa njia nyingine. Pandurang kanikumbusha kwa adabu kwamba daraja halijajengwa.

Yesubai katupokea. Tuko wazima, tuko wakavu, moto unawaka, mikate ya mtama inatoka jikoni. Namshukuru kila mungu ninayemjua. Na akili yangu haijalala: nimempigia simu mtu wa redio, nimemwambia atangaze kwamba mpaka serikali ilete helikopta, Digambar Khopade anagoma kula hadi kufa.

Kauliza mgomo unaanza saa ngapi. Nimemwambia angoje kidogo, Yesubai anachinja jogoo.