Kaseti Mbili, Herufi Moja

Jumatatu, tarehe 6 Septemba 1999

Karenzi kapata simu ya mkononi. Ya kwanza mtaani kwetu! Anaivaa kiunoni kama bastola. Nyumbani kwake mtandao haufiki. Unafika kwenye ngazi ya juu kabisa ya kanisa, basi hapo ndipo anaposhinda, anazungumza na Kigali huku watu wakimtazama kutoka chini. Mwalimu Joanita naye alitazama. Akatabasamu!

Mimi Narcisse, fundi redio, niliyerudi kutoka Karagwe na Kiswahili safi na bisibisi sita, nikae kimya? Sikai.

Nimewaza kutwa. Simu ya Karenzi ina dosari moja: lazima na wa upande wa pili awe na simu. Goma, ng'ambo ya mpaka, ndugu zetu wangapi wana simu? Lakini redio kaseti wanazo. Mtu aseme kwenye kaseti, kaseti ivuke mpaka, ndugu yake asikilize. Barua ya sauti! Karenzi kwisha.

Jumanne, tarehe 7

Mteja wa kwanza: jirani yangu Mama Xavérine, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mwanakwaya wa miaka thelathini. Binti yake Umutoni aliolewa Goma mwezi wa kwanza na fundi cherehani, Ramazani. Mwislamu. Mama hakwenda harusini. Hawajasemezana tangu siku hiyo, na sasa Umutoni ana mimba kubwa. Mama angeenda mwenyewe, ila wiki iliyopita aliteguka mguu na hafiki hata sokoni.

Nyiramana, anayevuka mpaka pale Petite Barrière kila asubuhi na kapu la kabichi, alimwambia ampe yeye hayo maneno, atayafikisha kwa mdomo. Nikasema mdomo husahau. Mama akasema iko maneno ambayo mutu mwingine hawezi kukubebea.

Nikabonyeza vitufe viwili. Mama akapiga kelele kana kwamba anataka Goma wasikie bila mashine. Akasalimu. Akangoja. Akanigeukia.

"Mbona hajibu?"

"Atajibu Alhamisi, Mama."

Akaitazama redio kwa hasira. Kisha akainama karibu nayo, sauti ikashuka. Nikatoka nje kwa heshima. Nilisimama dirishani, lakini nje.

Jumatano, tarehe 8

Kaseti ya pili ni yangu. Kwa Joanita. Barua ya karatasi imepitwa na wakati, na yule mchumba wake wa Kampala haandiki hata hizo. Nimerekodi mara kumi na moja. Mara ya mwisho mbuzi wa jirani aliingilia mwishoni, lakini sauti yangu ilikuwa nzito na tamu, sikutaka kuipoteza. Nimemwambia tangu nimwone sili vizuri. Aachane na huyo mwanamume asiyejua thamani yake. Aje kwangu, bati langu halivuji.

Kazi safi inataka mpangilio. Kaseti ya Mama nimeiandika M. Ya Mwalimu nimeiandika M. Nimezipanga mezani, moja kushoto, moja kulia.

Jumatano, baadaye

Nimefuta meza.

Alhamisi, tarehe 9

Zimeondoka! Moja kaichukua Nyiramana, chini ya kabichi. Nyingine nimeiacha shuleni ndani ya bahasha: "Sikiliza ukiwa umeketi." Nimepita mbele ya ngazi za kanisa polepole. Karenzi alikuwa anapiga kelele, halo, halo, halo. Nimemhurumia.

Ijumaa, tarehe 10

Janga.

Joanita kaja dukani akiwa kashika bahasha. Walimu wenzake walimsihi aicheze pale pale katika chumba cha walimu. Akaicheza. Kikatoka kikohozi cha Mama Xavérine, kisha maneno: mutoto yangu, hiyo mimba ya miezi minane usibebee maji. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni. Joanita katumia saa nzima kueleza kwamba hana mimba, si ya miezi minane, si ya mwezi mmoja.

Alinipa maneno mawili ya Kiingereza cha Kampala. Nimeyatafuta kwenye kamusi. La pili halimo.

Nikaomba kaseti. Akakataa. Alisema aliisikiliza tena nyumbani, peke yake, hadi mwisho. Kesho ataipeleka kwa Mama mwenyewe kwa mkono wake. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuelewa.

Alipoondoka ndipo nikajiuliza: basi Goma wamesikiliza nini?

Jumamosi, tarehe 11

Alfajiri nimemsubiri Nyiramana njiani na kaseti ya tatu, inayoeleza ile ya pili. Alisema yeye habebi tena kitu kinachosema. Kabichi tu.

Saa nne nipo uani kwa Mama na redio yangu, natafuta maneno ya kumweleza. Joanita akaingia na bahasha. Nyuma yake, Ramazani! Kofia kichwani, kaseti mkononi, kaja kutoka Goma kwa hasira tupu. Umutoni nyuma yake, tumbo mbele, anamwambia polepole, polepole.

"Ni nani huyu anaambia muke yangu aniache?" Ramazani akauliza ua mzima.

Nikasema sauti haitambuliki kirahisi. Akaichukua redio yangu mwenyewe, akaicheza. Yote. Bati. Chakula. Mbuzi. Majirani wakaegemea ua. Joanita alisikiliza mpaka mwisho, akasema mbuzi ndiye aliyesema vizuri zaidi.

Nikatafuta pa kutokea. Hapakuwepo.

Ndipo Joanita akatoa kaseti yake, akaiweka, akamwambia Umutoni: hii ndiyo yako. Sauti ya Mama ikajaa uani.

"Umutoni, mutoto yangu. Mi nilikosa. Siku ya ndoa yako niliimba kanisani na nguvu yote, juu sikutaka kulia. Nililia. Kuja uzalie kwangu. Na bwana yako akuje, nitamupikia."

Mama mwenyewe alikuwa kajifunika uso kwa kitenge. Ramazani akavua kofia. Akauliza, taratibu kabisa, kama sambaza bado iko. Umutoni akakaa kwenye mkeka karibu na mama yake, akaushika ule mguu mbovu, wakalia wote wawili. Mimi pia, lakini kwa sababu ya moshi.

Kisha Umutoni akashika ukuta. Uchungu!

Karenzi, aliyekuwa kati ya majirani, akakimbilia kanisani kuita gari. Tukamsikia kutoka juu:

"Mtandao upo! Dereva yuko Kigali!"

Tukachukua ingobyi, ile machela yetu ya miti, tukamlaza Umutoni, tukaanza kushuka kuelekea hospitali. Mvua ikaanza. Ramazani mbele, mimi nyuma, majirani wawili kando. Mmoja akateleza kwenye tope. Mti wa machela ukainama. Karenzi akatokea mbio, akaingiza bega chini yake. Njiani simu ikalia kiunoni kwake, ikalia, ikalia. Hakuipokea. Mikono ilikuwa na kazi. Nimemheshimu kwa muda wa dakika tano.

Kisha nikarudi kumchukua Mama Xavérine. Nimembeba mgongoni. Si mwepesi.

Jumapili, tarehe 12

Msichana! Wote wawili wazima. Mama anataka jina la mtakatifu, Ramazani anataka Zaituni. Wanabishana kwa furaha kama watu waliojuana miaka, na Mama kashapika mara mbili.

Nimewakumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba bila kosa langu Ramazani asingekuja na Umutoni angejifungulia mbali. Mama alisema bila ile mashine angengoja hadi Noeli kusema neno lile, na pengine asingelisema. Akanishika mkono. Kisha akaomba nisimsaidie tena.

Jumatatu, tarehe 13

Usiku mzima nimetafakari. Nimejifunza jambo kubwa: kaseti ni polepole.

Joanita (ananisemesha!) kasema kaka yake wa Kampala anatuma barua kwa kompyuta. Unaandika, unabonyeza, imeshafika Ulaya. Haivuki mpaka, haikai chini ya kabichi. Niliposikia hivyo miguu ilianza kwenda yenyewe.

Hadi saa kumi nimeandikisha watu kumi na wanne. Wana ndugu Kampala, Nairobi, Ubelgiji, na mmoja hajui ndugu yake yuko wapi, tutamtafuta. Nimewaambia waje Jumatatu ijayo, saa mbili kamili, kila mtu na maneno yake tayari. Karenzi kaja kuuliza kompyuta iko wapi. Nimemwambia mambo ya ufundi hayaelezwi barabarani.

Mimi mwenyewe nimeiona mara moja tu, Kigali, kwa mbali, ikiwa imefunikwa kitambaa. Ilionekana rahisi.