Jagi Moja kwa Siku

Jumatatu, 6 Oktoba

Kuna habari njema na kuna balaa. Njema kwanza: Jumamosi ni mashindano ya kuogelea hapa shuleni, na binti yangu, kitinda mimba, amechaguliwa! Mara yake ya kwanza. Ana miaka tisa na anafanya mazoezi hata kitandani. Dada yake kachoka mateke, kahamia sebuleni.

Balaa: Ijumaa saa nane mchana anakuja bwana afya kupima maji. Mkuu wa shule alituita, mimi na mwenzangu mpya, Glovu. Namba ya pH, ile ya uasidi wa maji, isipokuwa kati ya 7.2 na 7.6, alisema, bwawa linatiwa kufuli na mashindano hakuna.

Leo namba ni 8. Maana yake maji yamezidi ubesi, yanataka asidi kidogo. Hilo najua hata usingizini, nalitunza bwawa hili mwaka wa kumi na moja. Lakini aliyeulizwa ni nani? Glovu! Kaja juzi tu na cheti chake, na hashiki hata ufagio bila glovu. Akajibu: jagi moja la asidi kwa siku, tungoje mpaka kesho yake, tupime, ndipo jingine. Jagi moja! Bwawa zima! Nilicheka mpaka mkuu akanikazia macho.

Nitalitengeneza mwenyewe, kwa siku moja. Mwanangu ajue baba yake ni nani.

Jumanne, 7 Oktoba

Saa moja asubuhi Glovu katia jagi lake, polepole, kama anamnywesha mgonjwa dawa. Saa nne nikapima. 7.9. Nikamuuliza, ndiyo nini hiyo? Akasema, kaka, humo ndani kuna magadi yaliyoyeyuka, asidi ikiingia yanaimeza, ndiyo maana namba inasita. Lakini yakiisha, namba itaporomoka ghafla. Nikamwambia maji hayana tumbo.

Alipokwenda kula nikatia majagi matatu. Nikangoja dakika kumi nzima. 7.8! Maji yana kiburi haya. Nikamimina dumu zima la lita ishirini.

Jioni mama watoto kaikunjua suruali yangu ya kazi, akawa ananitazama kupitia magotini. Nimemwambia ni panya. Kasema panya gani anayetoboa kwa matone.

Jumatano, 8 Oktoba

Mungu wangu. Njano!

Tunataka rangi ya chungwa kwenye kichupa cha kupimia. Hii ni njano kama kiini cha yai, chini kabisa, asidi tupu. Watoto wa darasa la nne waliingia dakika mbili, wakatoka macho mekundu, wanalia. Wangu alikuwa miongoni mwao. Alinitafuta kwa macho, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa na ndala.

Nilijipa moyo. Dawa ya asidi ni besi, au siyo? Glovu alikuwa ofisini kwa mkuu. Nikabeba mfuko wa magadi kutoka stoo, kilo ishirini na tano, nikaumwaga wote.

Nusu saa baadaye bwawa ni uji. Uji mweupe! Namba imepanda mpaka kipimo hakina rangi ya kuionyesha. Brashi yangu imetumbukia humo na sijui iko pembe gani. Glovu kaja, kasimama ukingoni. Kasema kwa sauti ndogo kwamba chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji imeshindwa kukaa humo, imetoka yote inaelea. Kisha akavua glovu zake zote mbili, akazivaa upya. Heri angenitukana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wakati wa chai ya asubuhi mwanangu kauliza kama Jumamosi wataogelea kwenye maziwa. Nikamwambia kunywa chai, mama, baba yupo. Moyo uliniuma, sitadanganya.

Lakini baba yupo kweli! Bwana afya ana mgongo mbovu, hainami bwawani. Huletewa chupa mezani, anapima, anaandika, anaondoka. Basi nimpe chupa nzuri.

Nimejifungia stoo na maji safi kabisa, yale yasiyo na kitu ndani, ya kusuuzia vipimo. Nikatia tone moja la asidi, nikachota kidogo, nikapima. Njano! Tone moja la maji ya magadi. Waridi, besi tupu! Tone la asidi. Njano tena! Haya hayana msimamo hata chembe. Bwawa lilinikatalia dumu zima, haya yanageuzwa na tone. Nilihangaika mpaka saa kumi jioni, nikawa nachovya ncha ya njiti ya kiberiti. Chungwa. 7.4! Nilirukaruka peke yangu kama mwehu. Nimeiacha chupa dirishani bila kifuniko, nisije nikaitikisa.

Siku nzima mashine ya kuchujia ilinguruma nje, na maji yalikuwa yakimwagwa mtaroni. Glovu na mambo yake. Sikutoka kuangalia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa nane kamili. Bwana afya kakaa, nikamwekea chupa yangu mbele kwa mikono miwili. Kapima.

Njano.

Akasema haifiki hata 7, akatoa kufuli mfukoni. Akilini nikamwona mwanangu na kofia yake mpya ya kuogelea, ameikalia kitandani asiivae tena.

Glovu akauliza, shikamoo bwana afya, kwani maji hayo yamechotwa wapi? Wote wakanigeukia. Nikasema, bwawani. Akauliza, lini? Nikasema, kitambo kidogo.

Akamwomba mzee wa watu asogee akachote mwenyewe. Kainama huku akiguna. Ndipo na mimi nikalitazama bwawa. Kioo! Brashi yangu inaonekana kule chini, pembe ya kushoto. Kumbe tangu juzi Glovu ametoa theluthi ya maji, amejaza mapya, amechuja, ametia asidi yake kwa kijagi na kungoja. Bwana afya kapima. Chungwa. 7.4. Kufuli likarudi mfukoni.

Baadaye Glovu kanieleza. Maji matupu yakiachwa wazi hunywa hewa ileile tunayoitoa tukipumua, nayo huyatia uasidi. Bwawa lina magadi yake ya kulikinga, kaka, chupa yako haina kitu. Hakunishtaki kwa mkuu. Nimemwambia asante, na ilitoka moyoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wa tano kati ya sita! Wa sita alimeza maji, lakini wa tano ni wa tano! Katoka majini anacheka, macho meupe pe, akatangaza mbele ya wazazi wote kwamba baba yake ndiye mtengeneza maji. Glovu alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Akapiga makofi. Nililia hadharani. Nimewaambia ni klorini.

Jumapili, 12 Oktoba

Glovu yuko mapumziko. Kaniachia bwawa! Mimi! Na vipimo vyake, na karatasi: namba 7.7, jagi moja, ngoja mpaka kesho.

Nimeelewa sasa. Kazi hii ni subira. Ni kipimo. Maji yana mambo yake na hayapelekeshwi. Nimemweleza hivyo kitinda mimba wangu, aliyekuja kumwona baba yake kazini, naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Nimetia jagi moja. Jagi moja tu, polepole.

Sasa ni dakika ya saba. Nimepima. 7.7.

Mtoto ananitazama. Dumu liko hapahapa, na kifuniko chake hata hakijakazwa.