Kura ya Kiti Dhidi ya Bwawa Langu

Kwa Ndugu Afisa Maendeleo uliyetuendeshea semina ya siku tatu,

Kuhusu: Ombi la kufuta kura ya kiti

Jana saa kumi na moja jioni mke wangu, ambaye ndiye Katibu wa Kamati ya Maendeleo Endelevu ya mtaa wetu, alitangaza kwenye kikao cha familia kwamba bwawa langu la samaki limekataliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mimi na binti yetu tulilikubali. Mke wangu na mama yake walilikataa. Kura ya tano ilipigwa na kiti.

Ndugu Afisa, kiti hicho ni kazi yako. Ulifundisha kwamba maendeleo endelevu ni kujitosheleza leo bila kuwanyima watakaokuja baada yetu, ukashauri kila kikao kiache kiti kimoja wazi kwa ajili yao. Mke wangu aliandika yote daftarini na kupigia mstari mara mbili. Akarudi nyumbani, akachukua kiti changu cha kuegemea, chenye mto, akawapa vitukuu wetu. Mimi nakalia stuli ya jikoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpiga kura hajazaliwa. Hana jina, hana kitambulisho, hana hata meno, lakini ana msimamo kuhusu samaki. Msemaji wake ni mke wangu. Nilipouliza kiti kilimwambia saa ngapi, mama mkwe alinijibu huku akikoroga chai: "Mkwe, kimekukataa kwa ukimya. Mwenye haya angeshaelewa."

2. Kiti hakijaniunga mkono hata siku moja. Tumefanya vikao sita tangu semina. Kimenikataza kuoga ndoo mbili. Kimenikataza kutupa viatu vyangu vya kazi, vishonwe kwa mara ya nne. Tena kikapitisha mama mkwe ahamie chumba chenye madirisha mawili, jambo ambalo sioni linawahusu vipi watu wa miaka themanini ijayo. Nilipomwonyesha binti yetu kwamba vitukuu wanafikiri kama mama yake mpaka kwenye rangi ya mapazia, alicheka: "Si damu yake hiyo, baba? Ulitegemea nini?"

3. Kama wanaokuja wana kiti, waliotangulia wamekosa nini? Nimehesabu marehemu wa upande wangu kumi na mmoja, wote wapenda samaki, nami niko tayari kuwasemea. Naomba kuazima viti kumi na kimoja vya ukumbi wenu, pamoja na turubai, maana sebule haitatutosha.

4. Ulisema rasilimali isiyorudishika itumike kwa uangalifu. Mimi ni mojawapo. Goti la kushoto limekwisha, la kulia linaelekea huko, na bado natumwa kupandisha ndoo. Naomba nitangazwe kuwa hifadhi na nizungushiwe uzio. Bwawa liwe ndani ya uzio.

Si bwawa kubwa: hatua nane kwa tano, kina cha kufika kiunoni, la kujazwa kutoka kisima cha uani kwetu. Nimesoma mita za maji kwenye nyumba za watu miaka thelathini na mmoja, nikifukuzwa na mbwa wao. Kwa muda wote huo nilitaka kitu kimoja: kustaafu na kukaa kando ya maji yasiyo na mita.

Nakusalimu wewe na ofisi nzima, hasa karani wako aliyeniuzia bahasha iliyokwisha kutumika akisema ndiyo endelevu.

Wako katika kusubiri haki,
Msoma Mita Mstaafu

N.B. Nilipomaliza kuandika nilikwenda kupima kisima, ili nikuambatishie ushahidi kwamba maji ni tele. Mwaka jana, mwezi huu huu, kamba iligusa maji kwenye mita sita. Leo imeyagusa kwenye mita tisa na robo. Kitako cha kisima kiko mita kumi na moja. Nimepima mara tatu, kama tulivyofundishwa kazini, na mara zote jibu ni hilo hilo. Maji yaliyobaki yasingelowesha hata sakafu ya bwawa vizuri, na wa kwanza kukosa ya kunywa wasingekuwa vitukuu, bali mama mkwe, kabla ya mvua za mwaka huu.

Kwa hiyo kura isifutwe. Barua naituma hivi hivi, nisiharibu karatasi nyingine. Rufaa yangu itasikilizwa nyumbani Jumamosi saa nne asubuhi, nami nitapiga kura ya kuikataa. Mke wangu asiambiwe kabla ya hapo.