Kipande cha Baba wa Bibi Harusi ni Kipi?

Landless, Thika
Jumatano

Kwa Meneja,
Duka la Pizza ya Kipande na Ngano Nzima,
Ruiru.

Bi. Mutheu,

MINT: MALALAMIKO KUHUSU USAWA WA VIPANDE

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini jiko lako linawaka vizuri. Mimi ni Kagwe, yule mzee wa koti la kijivu aliyekuomba kisu Jumamosi ukampa uma. Dukani kwako kuna ukuta ambapo wateja hubandika maoni yao kwenye vikaratasi vya manjano. Niliomba kikaratasi, nikaandika jina langu na la marehemu baba, kikajaa. Kwa hivyo naandika barua.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Hapa Landless, na hata huko kwenu Ruiru, watu wakifanya ruracio, ile sherehe ya mahari, na mbuzi akishaiva, naitwa mimi nigawe. Masikio ni ya wasichana. Mbavu ni za akina mama. Kichwa na supu yake ni vya wazee, na kiande, yaani lile bega, halikatwi na mtu ila bwana harusi mwenyewe, siku ya mwisho, watu wote wakiona. Hakuna aliyewahi kuondoka kwenye meza yangu akiwa hajui yeye ni nani. Nimegawa mbuzi wa mabinti za watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na wakati huo wote nilikuwa nikimngoja mmoja tu, binti yangu Wanja.

Sasa Wanja amepata mchumba. Anaitwa Kaleli, kijana wa Kikamba mwenye adabu, mwana wa Mzee Mutie wa Membley. Jumamosi pande mbili zilikutana kwa mara ya kwanza, na vijana wakaamua tukutane dukani kwako, eti hapo kuna viti vya kutosha na nafasi ya magari. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Vipande vyako vyote ni sawa. Nilivipima kwa macho, kisha kwa kiganja. Mimi nilipewa pembetatu. Mzee Mutie akapewa pembetatu. Philip, dereva aliyewaleta, ambaye si wa ukoo wetu wala wao, naye akapewa pembetatu, tena yake ilikuwa na chizi nyingi zaidi. Mtu angepita mlangoni akatazama meza ile, asingejua nani anatoa binti, nani anaoa, na nani anangoja tu kurudisha gari. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi sikuiacha, Bi. Mutheu. Niliikuta imeshakatwa.

2. Pizza haina mfupa. Huenda kwako hili ni jambo dogo. Mfupa ndio humpa mzee kitu cha kuguguna anapotafuta jibu. Mzee Mutie aliponiuliza swali zito kuhusu siku ya kuleta mbuzi wao, sikuwa na cha kuguguna, nikajibu papo hapo. Nilisema sawa. Mimi nami nikamuuliza langu, naye hakuwa na mfupa, akasema sawa. Chai haijapoa tulikuwa tumekubaliana kila kitu. Nimehudhuria ruracio ambapo wageni walirudishwa nyumbani wakajipange upya, na ndoa hizo zimesimama hadi leo. Haraka haraka haina baraka. Duka lako limemharakisha binti yangu kuondoka kwangu, na mimi nilikuwa nimetegemea ubishi wa miezi kadhaa.

3. Unga. Kwetu unga usiokobolewa ni amri ya daktari, mgeni hapewi. Nilipoona mkate ule wa rangi ya udongo mbele ya wakwe niliona aibu, nikawaza watasema tumeshindwa hata na unga mweupe. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Lakini Mzee Mutie ana ugonjwa wa sukari, na kwenye sherehe za watu yeye hunywa maji tu na kutazama. Kwako alikula kipande, akaomba kingine, akalegeza mshipi, akaniita ndugu yangu. Kuitwa ndugu na mkwe kabla hata ya mbuzi wa kwanza ni jambo ambalo mila yetu haijaniambia niitikie vipi.

4. Wasiokuwepo. Mbuzi ana sehemu ya kila mtu, hata aliyeshindwa kuja. Dada yangu Wamboi wa Githurai 45 hakufika kwa sababu ya goti. Jioni akapiga simu kuuliza amewekewa sehemu gani. Nilikitazama kile kipande nilichomfungia kwenye karatasi ya mafuta, nikamwambia amewekewa kona. Alifurahi kupita kiasi. Amewatangazia akina mama wote wa sokoni kwamba kwenye shughuli ya Wanja yeye alipewa kona. Sasa mashangazi wengine wananipigia kuuliza wamekosa nini hata wao wasipewe kona. Kila kipande kina kona tatu, na mimi sina nguvu ya kuwaeleza.

5. Ukuta wako wa maoni. Niliusoma wote nikitafuta mtu mwenye uchungu kama wangu. Mmoja anayejiita Mwas ameandika: "Slice iko fiti, ni brown na bado inabamba. Nimeshiba manze." Mama Kavata ameandika: "Mtoto wangu hutoa mboga zote kwa chakula na kuziweka kando, lakini hapa amekula mpaka kitunguu. Mungu awabariki." Mwingine analalamika kwamba ukingo ni mgumu kiasi, halafu anasema atarudi kesho. Hakuna hata mmoja aliyegusia suala la heshima.

Katikati ya ukuta kuna kikaratasi chenye mwandiko ninaoujua tangu darasa la kwanza. Kimeandikwa: "Leo babangu amekaa meza moja na baba ya Kaleli na hakuna mtu amekasirika. God is good." Kikaratasi chenyewe sikilalamikii. Nalalamika kwamba kimebandikwa chini mno, mtu mzima inambidi ainame, na akipangusa macho wateja wanadhani ni pilipili.

6. Jumapili. Hili ndilo lililonikosesha raha. Jumapili hii wakwe wanakuja kwangu Landless, na nimesikia Wanja ameagiza chakula kutoka kwako, kije kikiwa kimekatwa tayari. Nilipomuuliza mbuzi yuko wapi, alisema tunamhurumia Mzee Mutie na sukari yake, kisha akasema: "Na pia, Baba, this time na wewe ukae chini ukule." Bi. Mutheu, mimi sijawahi kukaa chini kwenye ruracio. Sijui mikono huwekwa wapi. Nimeshika kisu kwa ajili ya mabinti za watu wote, na zamu ya wangu imefika nikiwa nimepewa uma. Naumia, na sioni haya kukuambia.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Mosi, kipande kimoja kiwe kikubwa kuliko vingine vyote, kitambulike hata na mtoto kuwa ni cha baba wa bibi harusi. Pili, kipande hicho kiwe na mfupa. Mfupa wowote utafaa, hata wa kuku. Tatu, hayo yakishindikana, pizza zije nzima bila kuguswa, nizigawe mwenyewe kwa kisu changu na kwa utaratibu unaojulikana. Ukikataa, nitalifikisha suala hili kwa wazee wa kanisa, ambao hukutana sebuleni kwangu na hunisikiliza sana.

Nisalimie mpishi, yule mama anayepangusa meza, na wateja wote wa Ruiru, wenye kona na wasio na kona. Philip akipita hapo pia msalimie, sina kinyongo naye.

Ni mimi mteja wako mwenye masikitiko,
Mzee Kagwe,
Mgawaji.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii nilipita kwako nikanunua pizza moja nzima, nifanye mazoezi. Niliikata mezani kwangu kwa utaratibu kamili: kikubwa cha baba, kinachofuata cha mama, vya wastani vya wageni, na vidogo vya vijana. Wanja akarudi kutoka kazini, akaketi. Kile cha baba nilikuwa nimeshakishika mkononi, lakini nilipotazama, kilikuwa kwenye sahani yake. Nikakata kingine cha baba. Nacho kikaenda hukohuko. Kwa hivyo Jumapili tafadhali zikate wewe, vipande vyote sawasawa kabisa. Mkono wangu una upendeleo, na sitaki wakwe wauone.