Maneno Yaliyobaki Kwenye Mashine ya Munyaka

Jumatatu, 14 Julai 2008

Ukungu hadi saa nne. Hapa mtaa wa Huruma sijapata mteja hata mmoja. Wote wako ng'ambo ya barabara kwa Emmaculate, ambaye pia anachapa barua na eti kompyuta yake haijui virusi. Nimenunua CD ya antivirusi kwa mchuuzi. Kuanzia leo mimi, Murunga, si mchapaji tu. Ni mlinzi wa kompyuta za biashara. Selpha, karani wangu, ameuliza nimesomea wapi. Nimemwambia aendelee na kazi.

Nimeanza na mashine yetu wenyewe. CD imekamata kitu: programu iliyojificha, inayorekodi kila herufi inayopigwa. Selpha anataka ifutwe. Mimi nina wazo bora. Nikielewa inavyofanya kazi, nitaipandikiza kwa Emmaculate nikijifanya naweka ulinzi, kisha nisome barua za wateja wake wote.

Jumanne, 15 Julai

Nimefungua rekodi. Zinaanza Septemba mwaka jana. Mashine hii niliinunua Februari, kwa mtu wa mkokoteni. Ilinuka moshi. Sikuuliza. Mwezi ule, baada ya fujo za uchaguzi, hakuna aliyekuwa akiuliza.

Mwenyewe ni mwanamke. Chini ya barua zake anaweka jina, Nyaguthii, ofisi ya kuchapa, mtaa wa Munyaka, mji huu huu, na namba ya simu. Programu haikupoteza chochote. Anakosea, anafuta, anarudia. Ni kama yuko kwenye kiti changu. Nimehamia stuli.

Jumatano, 16 Julai

Nimefika tarehe 31 Desemba. Mamake anasimulia, yeye anachapa: majina ya ndugu saba, nani alimzaa nani, baba yao alizikwa upande gani wa mto. Asubuhi ya mwaka mpya wanaendelea. Saa tatu na dakika arobaini ameandika: mama anauliza ni nani wanagonga hivyo.

Kisha herufi k. K peke yake, mistari kumi na mmoja. Kisha hakuna kitu.

Selpha amekataa kuikaribia mashine. Mimi nimeendelea, kwa sababu za kibiashara. Siku nne kimya. Halafu mtu mwingine, anayechapa kwa kidole kimoja, kama anayejaribu mali ya kuuza: inawaka. Halafu Februari, na sasa ni mimi. Barua zangu zote kwa Priscah, mwanamke ninayemposa, ile niliyojiita mkurugenzi na ile ya kubembeleza. Kila Ijumaa, neno moja la programu yenyewe: imetumwa. Kwa nani, haisemi.

Miezi mitano kuna mtu ananisoma. Nimechomoa waya na kuifunika mashine kwa gunia. Mchana kutwa nimekaa nimeipa mgongo.

Alhamisi, 17 Julai

Selpha amesema nipige ile namba. Nimesema huenda mwenyewe hayupo tena duniani. Akasema basi haitaita.

Imeita. Sauti ya mwanamke. Nimejitambulisha kama mtaalamu wa usalama wa kompyuta. Nikamsomea mstari mmoja, ule wa ndugu saba.

"Umetoa wapi maneno ya mama yangu?" akauliza.

Jumamosi, 19 Julai

Nyaguthii amekuja kutoka Nakuru. Nilikuwa nimepanga anishukuru nje, kwa sauti, Emmaculate akisikia. Hakutaka hata kuketi. Amesoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Mamake alifariki Machi, kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao. Maneno yale hakuwahi kuyahifadhi. Kila kitu kilikatika asubuhi ile. Kilichoyatunza ni programu ya mwizi asiyemjua.

Alipofika kwenye zile k, nilitaka kumpitisha haraka. Akanishika mkono.

"Acha. Huo ni mkono wa mama. Nilikuwa namvuta tutokee nyuma, akang'ang'ania kibodi. Alikuwa anasema hajamaliza."

Selpha alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Baadaye Nyaguthii akaniuliza mashine niliinunua kwa nani. Nikasema nilikuwa namtunzia tu. Aliniangalia mpaka nikaangalia sakafu.

"Sawa, Bwana Murunga," akasema, taratibu, kama mtu anayeweka jina mahali asilisahau.

Ameondoka na mashine. Selpha amembebea kibodi hadi barabarani, ameikumbatia kwa mikono miwili.

Jumatatu, 21 Julai

Meza tupu. Selpha ameomba ruhusa ya wiki nzima. Lakini sikulala kazini: Jumamosi, kabla mgeni hajafika, nilinakili ile programu kwenye flashi.

Leo nimevuka barabara. Nimemwambia Emmaculate kwamba kuna hatari nyingi siku hizi na kwamba nitamlindia kompyuta yake bure, kijirani. Amenipa chai na mandazi. Ameuliza kama ulinzi huo unachungulia. Nimesema hata kidogo. Nimeipandikiza akiwa ananiongezea sukari.

Kisha nimekumbuka kwamba mimi sasa sina kompyuta. Nimemwomba niwe nafanyia kazi zangu kwenye ile yake, kwa muda tu. Amekubali bila neno, mwanamke mwema lakini hana akili ya biashara. Nimeketi hapo mpaka saa kumi, nikachapa mipango yangu yote juu yake, moja baada ya nyingine, bila kuficha kitu.