Balkoni ya Kwenda Kalemie

Jumatatu, 17 Februari 2025

Leo kutwa nzima watu wanaokimbia vita wanaingia Uvira na magodoro kichwani. Wa Luvungi wamefika asubuhi, wa Sange mchana. Hapa mtaani kwetu Nyamianda kila uwanja umejaa masufuria. Wanajeshi wetu nao wanapita. Wanakwenda upande ule ule kama sisi, ila wao wana mwendo mzuri zaidi. Redioni mkubwa mmoja amesema kila kitu kiko mikononi. Hakusema mikono ya nani.

Onesphore amepiga simu kutoka Kalemie. Anafanya kazi kule kwenye depo ya saruji, aliondoka mtoto wetu Chérie akiwa na wiki mbili. Sasa Chérie ana miezi mitano na baba yake anamjua kama sauti tu. Amesema nipande boti yoyote, hata juu ya magunia, nisichague. Mume wangu ni mtu mwema, lakini hana akili ya safari.

Munganga wa dispensari amesema kifua cha Chérie hakitaki upepo. Kwa hiyo botini lazima kabine, chumba chenye mlango. Si anasa. Ni dawa. Nimejiambia hivyo mara tatu na mara ya tatu nimeamini.

Jirani anayechaji simu za mtaa amenifungulia ukurasa wa Kifaransa: namna ya kuchagua kabine nzuri yenye balkoni kwenye meli ya starehe. Nimenakili yote. Kabine iwe katikati, maana huko meli haitikisiki sana. Isiwe juu ya mashine. Isiwe chini ya ukumbi wa ngoma. Tena uepuke balkoni iliyozibwa na mtumbwi wa kuokolea watu. Aliyeandika hajafika bandari yetu ya Kalundu. Hapa huo mtumbwi ndio ungejaa wa kwanza.

Jumanne, 18 Februari

Kalundu. Nimeiona boti. Ukumbi wa ngoma hakuna, hilo limekwisha. Chini kuna mashine na mihogo mikavu. Katikati kuna watu. Juu kuna vyumba viwili: kimoja cha kapiteni, na kingine, Mungu wangu, kina balkoni! Ubao wenye upana wa hatua moja na fito za chuma mbele, upande wa kivuli, katikati kabisa, mbali na mashine. Kama vile aliyeandika ukurasa alikuja kupima yeye mwenyewe.

Ndani anakaa friji. Friji na makochi mawili, mali ya mkubwa yule yule wa redioni. Vyote vina tiketi.

Nimemweleza Kapiteni Damien habari ya kifua cha Chérie. Amesema pole. Nimemwambia friji haikohoi. Amesema ndiyo, ndiyo sababu ni abiria mzuri.

Wifi yangu Léocadie alikuwa amekwisha tandika mkeka karibu na ngazi, mahali pasipo na mvua. Ameketi hapo na Bruno wake kama mke wa gavana. Akaniuliza kama nimepata hoteli. Nikamwambia mambo yanatengenezwa.

Halafu nikaona kitu. Mama mmoja amepita na mapasa, watoto pacha, mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Foleni yote imefunguka kama pazia. Hakuna anayetaka kuudhi pacha, tena mbele ya ziwa. Huyu akampa ndizi mbili, yule sabuni mbili. Polisi aliyekuwa ananisukuma tangu asubuhi akavua kofia.

Mimi nina mtoto mmoja. Léocadie ana mmoja. Hesabu hiyo niliimaliza shule ya msingi.

Jumatano, 19 Februari

Léocadie alikataa kuniazima Bruno. Nikamwambia kabine itakuwa yetu sote. Alikataa. Nikamwambia mlango una ufunguo na ndani kuna kochi. Akaniuliza kochi la rangi gani.

Shida ya Bruno ni kwamba ana miezi kumi. Ana meno manne na uzito wa gunia la mchele. Nimewavika kofia zinazofanana, nikamfunga Bruno mgongoni kwa kitenge, Chérie kifuani. Kwetu majina ya pacha yanangoja tayari: Bukuru, mkubwa, Butoyi, mdogo. Nimemfundisha Léocadie awaite hivyo. Yeye ni yaya. Hajapenda kuwa yaya. Nimemwambia ashike beseni na atembee nyuma.

Ajabu! Foleni imefunguka. Wanawake wa bandari wameanza kuimba zile nyimbo za mapasa, zenye matusi, ambazo mama yangu alinikataza. Ndizi mbili. Sabuni mbili. Vikombe viwili vya ndagala, dagaa wa ziwa. Nimewapungia mkono kidogo, si sana, mtu asizidishe.

Damien ameniona akakuna shingo. Hakunitambua, au hakutaka. Shangazi yake Apolline, anayeuza chai bandarini, amezaa mapasa mara mbili na ndiye anayetoa sheria hapo. Amesema mapasa hawalali nje wakati friji inalala ndani. Vijana wanne wakaitoa friji. Ilitoka polepole kama bibi harusi.

Halafu Apolline akawatazama watoto kwa karibu. Akaniuliza kwa nini mmoja ana meno na mwingine hana. Nikasema huyu ndiye aliyetangulia kutoka. Akauliza alitangulia kwa muda gani. Nikasema kitambo.

Akataka niwanyonyeshe wote pamoja, aone kama maziwa yanatosha. Watu wakakaa duara. Chérie kulia, Bruno kushoto. Meno manne. Nimetabasamu. Machozi yalitoka lakini watu wakasema ni furaha ya mama.

Nimepewa ufunguo.

Nimekaa balkonini. Nimeona ziwa lote, na milima ya Burundi ng'ambo, na kule chini watu wote wa Uvira na mikeka yao. Chérie hakukohoa hata mara moja. Léocadie amelala kwenye kochi na viatu.

Apolline akapanda kutuletea chai. Vikombe viwili, kwa ajili ya mapasa. Akauliza baba yao yuko wapi.

Alhamisi, 20 Februari

Katika ukoo wa Damien, wenye maboti tangu babu, mapasa hawapandi ziwani bila baba. Baba ndiye anatangulia kukanyaga ubao wa kupandia, anachota maji ya ziwa mdomoni, anayapuliza kulia na kushoto. Bila hivyo boti haitoki. Jana walinikaribisha ndani kwa sababu boti ilikuwa bado imefungwa kwenye ukuta wa bandari. Ukutani si ziwani. Leo ni kuondoka.

Asubuhi milio ya bunduki imesikika upande wa uwanda. Watu bandarini wakasimama wote pamoja. Damien akaniambia ama baba aje, ama nishuke.

Nikasema ukweli. Nikasema si mapasa, mmoja ni wa wifi yangu. Hakuna aliyeniamini! Apolline akaziba mdomo. Akasema amesikia mengi, lakini mama anayekana pacha wake bado hajamsikia. Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Kumbe kuna kitu kibaya kuliko kuwa na mapasa wa uongo: kuwa nao wa kweli na kuwakataa.

Basi nikafikiri haraka. Nikasema baba yupo, atapuliza kwa simu. Apolline akafikiri, akasema vita ni vita, simu itakubalika. Nikampigia Onesphore. Nikataka kumtayarisha kidogo, lakini Damien akachukua simu akaiweka sauti kubwa.

"Weye ndiye baba ya mapasa?"

"Mapasa gani?" Onesphore akasema. "Minye niko na mutoto moja."

"Hapa iko wawili."

Bandari nzima ikasogelea simu. Hata ile milio, naapa, ikangoja.

"Pudentienne," akasema mume wangu. "Huyo wa pili ni wa nani?"

Uniti za simu zikaisha.

Sasa nikawa mwanamke mwenye pacha wa baba wawili. Mabaharia wakaanza kufungua kamba na mimi bado niko kwenye ubao. Wakasema afadhali wabebe petroli inayowaka. Mmoja akanirudisha nchi kavu kwa ncha ya pondo, kwa adabu, kama mtu anayesogeza mamba. Chérie akaanza kile kikohozi chake cha kukauka. Nilimfunika kichwa kwa kitenge. Nilifikiri: mtoto wangu atabaki Uvira kwa sababu ya balkoni. Nilifikiri hivyo kabisa, kwa maneno hayo.

Léocadie ndiye aliyeshuka. Alitoka kabineni na alama ya kochi shavuni, akamfungua Bruno mgongoni kwangu, akamwinua juu watu wote wamwone.

"Huyu ni wangu, mutazame pua," akasema. "Kaka yangu hatachekwa na bandari nzima kwa ajili ya balkoni."

Wakatazama pua. Wakaamini.

Kisha wakataka zawadi zao. Mbili mbili. Ndizi Bruno alikwisha kula. Sabuni nilirudisha. Polisi alivaa kofia yake tena.

Friji ikarudishwa kabineni, safari hii kwa mbio. Damien akasema sisi tubaki tujifunze adabu. Apolline ndiye aliyesimama mbele ya ubao na birika lake mkononi.

"Damien. Mutoto moja naye ni mutoto," akasema. "Wapandishe."

Tukapanda. Nikataka kumshukuru. Akaniambia nisimguse, nisimwite, nisimtaje katika sala.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika juu ya magunia ya mihogo, nyuma kabisa, karibu na bomba la moshi. Tunatikisika sana. Ukurasa ulisema kweli kuhusu mashine.

Mahali pa Léocadie karibu na ngazi palichukuliwa tangu juzi, alipokuwa yaya. Kuna godoro la familia moja ya Luvungi na wao hawaamki. Hajanisemesha tangu Kalundu. Anasema na Bruno tu, kwa sauti ya kunifikia. Anamwambia kuna watu duniani ambao ukiwapa mkono wanauliza kama una balkoni.

Kutoka hapa naiona vizuri. Friji imekaa upande wa kivuli, katikati, mbali na moshi, na mlango wa balkoni umefunguliwa ipate hewa.

Upepo wa ziwa ni baridi. Titi la kushoto limevimba, lina alama nne. La kulia limechoka. Chérie alilia mpaka sauti ikawa uzi. Nilimwimbia, nikamtikisa, nikamwambia mama yake ni mjinga lakini yupo hapa. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Léocadie akanyoosha mikono bila kunitazama. Akamchukua, akamnyonyesha upande mmoja, Bruno upande wa pili. Tukakaa mgongo kwa upepo, mimi na yeye, watoto katikati kama kwenye kiota. Chérie amelala. Kikohozi kimepungua. Nilitaka kusema asante, nikamshikia kitenge kisiruke.

Mwanamke mmoja amepita akaona Léocadie ananyonyesha wawili. Akampa ndizi mbili.

Hakunigawia.

Jumamosi, 22 Februari

Kalemie. Onesphore alikuwa bandarini. Alihesabu watoto kabla ya kunisalimia. Alimtazama Bruno pua, akamtazama dada yake pua, akapumua.

Nikampa Chérie. Chérie alimtazama muda mrefu. Onesphore alisema, "Mama Chérie, kumbe ni mkubwa hivi," na mtoto akaisikia ile sauti. Akanyoosha mkono akashika sikio la baba yake, pale simu inapokaa, akalivuta aone kuna nini ndani. Onesphore akageuka kuangalia ziwa. Ana mafua, anasema.

Baadaye aliniuliza kwa upole kwa nini sikupanda tu juu ya magunia kama alivyoniambia. Nikamwambia nilipanda juu ya magunia. Ni kweli lakini.

Jumapili, 23 Februari

Nimejifunza mengi katika safari hii. Nimeomba kanisani nisirudie tena. Usiazime mtoto mwenye meno, hilo la kwanza. Sikumbuki la pili lakini lilikuwa zito.

Chumba cha Onesphore kina wanaume wanane wa saruji, kwa hiyo sisi wanawake tumewekwa shuleni na wakimbizi wengine. Darasa letu lina watu arobaini na ubao wa hesabu. Dirisha halina kioo. Upepo unaingia moja kwa moja, na kifua cha Chérie ndiyo kwanza kimeanza kutulia.

Ila mwisho wa jengo kuna darasa moja dogo. Nimelizunguka mara mbili. Lina vioo vyote. Liko mbali na vyoo, mbali na jiko. Mbele lina baraza inayoangalia ziwa, na vitanda sita, vitatu vitupu. Nimemuuliza mama wa komite ya wakimbizi. Amesema ni la wenye mimba peke yao, na kesho asubuhi anapita kuandika majina.

Nimemweleza Léocadie. Amesema Onesphore amekuwa Kalemie tangu Chérie ana wiki mbili, na watu wanajua kuhesabu miezi. Nimemwambia wakati wa vita nani ana kalenda. Amechukua Bruno na kuhamia kona nyingine ya darasa, pamoja na beseni.

Bora. Safari hii sihitaji mtu.

Nimeomba mito kwa masista, nikajaribu mitatu chini ya kitenge. Nimechagua wa kati. Ule mkubwa wangeniitia mkunga.