Winchi, Soksi na Kabati la Mama Mkwe

Redio ya muuza kahawa ndiyo iliyoanza uchokozi. Ilisema mshambuliaji mmoja amefunga goli, akaruka kushangilia, akatua kwa mguu mmoja, msuli wa paja ukachanika. Wiki sita nje.

"Huyo si mchezaji, ni biskuti," akasema Winchi, mpagazi wa ghala la saruji. Jina alipewa kwa ajili ya mgongo wake, sifa nyingine anajipa mwenyewe bila kuombwa. "Mimi nabeba mifuko miwili kwa mpigo na bado napiga mluzi. Mtu anachanika kwa kuruka?"

"Kuruka si tatizo, kutua ndiyo kazi," akasema Spana, fundi bomba. "Ukitua, ardhi nayo inakusukuma. Goti likiwa limekaza, kishindo chote kinaingia kwenye nyama."

"Ardhi inanisukuma? Ina mikono?"

"Ipige ngumi uone kama hairudishi."

Tukacheka. Winchi naye akaanza, akakatisha katikati na kushika kiuno. Mama Uzi, fundi cherehani ambaye jicho lake hupima hata watu wasioshona nguo kwake, akaweka kikombe chini.

"Winchi, tangu asubuhi unaletewa kahawa hapo hapo kama bwana harusi. Una nini?"

"Nimetulia tu."

"Umetulia au umekwama?"

Sote tulijua kwa nini swali lile lilimchoma. Mchana ule alikuwa apandishe kabati la mama mkwe wake hadi ghorofa ya tatu, peke yake. Yule mama alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake ameolewa na mdomo, na Winchi akaapa kuwa kabati hilo ndilo litakalomjibu.

"Mgongo umenikamata kidogo," akakiri.

"Saruji?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. "Soksi."

Muuza kahawa akapunguza sauti ya redio.

"Ilikuwa chini ya kitanda," akajitetea. "Nimeinama, miguu imenyooka, nikapeleka mkono mbali, nikajipinda kidogo tu. Nikasikia kitu kinasema tap."

"Soksi haina kosa," akasema Spana. "Ulichobeba pale ni kichwa, kifua na hicho kitambi, tena umevipeleka mbali na kiuno. Nati ikigoma, mimi natafuta spana ya mpini mrefu, naisukuma kidogo tu inalegea. Wewe ndiye ulikuwa mpini, na nati ni kiuno chako. Saruji unaibana mwilini, ndiyo maana mnaelewana."

"Halafu ukajipinda juu yake," akaongeza Mama Uzi. "Hata jinzi, ivute huku uipinde kule, itatoa sauti hiyo hiyo. Pumzika, mwambie mama mkwe ukweli."

"Nimwambie soksi? Bora mseme nimeitwa kazini."

"Njia ya mwongo fupi," akasema Mama Uzi, akinyoosha kidole, "na yako imeishia pale."

Mama mkwe alikuwa anakuja, nyuma yake vijana wawili wenye vifua vipana. Winchi hawezi kumwamkia mkwe akiwa amekaa, kwa hiyo akajiinua. Akafika nusu, akabaki hapo, mikono magotini, uso chini. Nilimwonea huruma kweli, ingawa mdomo wangu ulikuwa unacheka.

"Shikamoo, mama," akaviamkia viatu vya mkwe wake.

"Marahaba, mwanangu. Simama basi."

"Naja, mama. Kuhusu lile kabati..."

"Limeshafika juu. Tulitoa droo, tukang'oa milango, likapanda kipande kipande. Mke wako alinieleza kwamba unaumwa."

"Alikueleza nini hasa?"

"Hata rangi ya soksi."

Akamzunguka taratibu, akimkagua kuanzia kisogo hadi visigino, kisha akawageukia wale vijana.

"Haya wanangu, na huyu je? Anafunguliwa, au tunambeba mzima?"